Kiti cha Mgeni

Kiuno alichokiona Mwanamize jukwaani kilikuwa chake mwenyewe. Alikijua kama mtu anavyoujua mlio wa mlango wa kwake. Goti la kushoto hulegea kwanza, bega likashuka kidogo, halafu nyonga ikafuata taratibu kama haina pa kwenda. Alifundishwa hivyo na somo wake, kungwi aliyemfunda, huko Michenzani, Unguja, kabla hajajua kwamba duniani kuna mji unaitwa Birmingham, na yeye akaja kuwafundisha mabinti wa watu katika fleti yake pale Newtown, sebuleni, makochi yakiwa yamesukumwa ukutani. Ila kiuno cha leo kilikuwa cha binti mrefu mwenye nywele za rangi ya katani, na binti huyo hakuwa na hata uzi mwilini.

Walikuwa wanawake watano, wote uchi kama walivyozaliwa, isipokuwa wa katikati aliyejifunga shuka. Walikuwa wakioga bila maji. Walichota kwa kata isiyokuwepo, wakajimwagia mabegani, wakasugua visigino, wakakamua nguo isiyoonekana. Muziki hakuna. Ukumbi wenyewe, uliokuwa zamani karakana ya vyuma huko Digbeth, ulikuwa kimya hata ukasikia watu wakimeza bia. Ndiyo, bia. Safu ya mbele walikaa wanaume wawili, glasi mapajani, wamekunja nne, wanatazama.

"Mama Ahmada," Peninah alimnong'oneza. Huyu alikuwa jirani yake wa ghorofa ya juu, Mkenya, mlokole, mfanyakazi wa nyumba ya wazee huko Shard End, aliyekubali kufuatana naye kwa kuwa tikiti zilikuwa za bure. "Si ulisema ni dance? Hii kitu mimi huiona kila asubuhi kazini, na hakuna mtu hupiga makofi."

Mwanamize alikuwa akijipa moyo kwamba kuoga ni kuoga, kila mtu huoga, na huenda anajisingizia tu. Moyo ule haukukaa. Wale wanne walimzunguka wa katikati wakamfungua shuka, polepole, pindo kwa pindo, mpaka ikamwanguka miguuni. Na binti huyo, alipobaki wazi, hakuficha pale ambapo mtu yeyote angeficha. Aliweka kiganja chake cha kulia ubavuni, juu kidogo ya kitovu, vidole vimetanuka, akakibana hapo kama anayezuia kitu kisimwagike. Wenzake wakamtazama. Kisha mmoja mmoja, nao wakaweka viganja vyao ubavuni pahali pale pale.

Nyuma yake mtu mmoja alivuta kamasi za kilio. Mwanamize alihisi damu ikimpanda masikioni, kwa sababu chini ya mbingu hii alimjua mtu mmoja tu anayejificha pale.

Mtu huyo ni Zainab. Alizaliwa hapa hapa Birmingham, na alipokuwa mdogo wa kutambaa alivuta sufuria ya uji wa moto iliyokuwa mezani, ukammwagikia. Kovu lake linaanzia kitovuni linapanda mpaka mbavuni, limekunjamana kama ngozi ya maziwa. Mama yake alikuwa shoga wa Mwanamize. Alipofariki, Zainab akiwa bado msichana wa skuli, Mwanamize ndiye aliyesimama pahali pake. Sasa ni mfamasia, mwanamke mzima, anasikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza kama walivyo watoto wa hapa. Lakini alipokaribia kuolewa na Suhail alikuja Newtown mwenyewe, akavua viatu, akasema anataka achezwe unyago kama alivyochezwa mama yake.

Basi Mwanamize akamcheza. Na ngoma ya Mwanamize ina sheria zake, wala hazikuandikwa popote. Mapazia hufungwa kwa pini. Simu zote hukusanywa na kutiwa ndani ya oveni, iliyozimwa, mlango ukafungwa. Kila aingiaye hubaki na kanga moja kifuani, awe bibi mwenye wajukuu au msichana. Ngoma hupigwa kwa ncha za vidole, kwa ajili ya yule bwana wa chini anayegonga dari kwa ufagio. Na juu ya hayo yote: hakuna kukaa. Atakayeingia atacheza, na asiyecheza abaki kwao. Somo wake alimweleza sababu, naye huwaeleza wenziwe. Kanga ikimdondoka mtu mbele ya wanaocheza, imedondoka tu, ataiokota. Ikimdondoka mbele ya mtu aliyekaa anatazama, huyo amevuliwa.

Mle ndani hafundishwi mtu maonyesho. Mwari hufundishwa kuoga, kusugua mwili kwa singo ya mawaridi na liwa, kukamua nguo, kuinama na kuinuka, kukuna nazi, kuingia kitandani na kutoka. Ni mambo ya kila siku. Yanapigiwa ngoma ili mwili uyashike, kama watoto wanavyoimbiwa hesabu.

Siku ile Zainab alimleta rafiki yake, Madhu. Mwanamke wa makamo, Mhindi aliyekulia Handsworth, mchangamfu, anayefundisha dansi. Alikuwa na darasa la bure la wanawake katika ukumbi wa mtaa, na Zainab alikuwa haliachi. Alikuja na boksi la peremende za maziwa, akavua viatu bila kuambiwa, akamwita Mwanamize shangazi. Simu yake ilikuwa ya mwanzo kuingia ndani ya oveni. Ila goti lake lilikuwa limefungwa bendeji. Akasema ameumia mazoezini, hawezi kucheza, atasimama tu pale ukutani wala asiwashughulishe.

Mgeni, goti bovu, amesimama ukutani. Nani Mzanzibari angeliweza kulivumilia hilo? Mwanamize alikwenda jikoni mwenyewe akamletea kiti. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwanamize hakumpa jembe, alimpa kiti, akaweka na mto juu yake. Zainab, kichwa kikiwa kimefunikwa, aliuliza kwa sauti ndogo mbona Madhu hachezi. "Huyo mgeni, mwanangu," Mwanamize alimjibu, na ngoma ikaendelea.

Ulipofika wakati wa singo walimfungua Zainab kanga. Machozi yakamtoka, akaliwekea kovu kiganja. Tangu utotoni hakuna aliyeliona ila mama yake. Hapo bibi mmoja akaweka kiganja chake ubavuni mwake, pale pale. Akafuata mwengine. Hakuna aliyewaambia. Chumba kizima kikawa wanawake wenye mikono ubavuni, na Zainab akacheka katikati ya kilio, akauondoa mkono. Mwanamize amecheza mabinti wengi na hajaona kitu kizuri kuliko kile. Alikuwa amesahau kabisa kwamba kwenye kona palikuwa na mtu amekaa. Simu walizitia ndani ya oveni, macho wakayaacha nje.

Na sasa mambo yale yalikuwa hapa, mbele ya wanywa bia.

Taa zilipowaka, makofi yalivuma. Madhu, mwenye onyesho aliyempelekea tikiti zile, alipanda jukwaani na kipaza sauti, macho yanamng'aa, akashukuru huyu na yule, kisha akanyoosha mkono kuelekea kiti cha Mwanamize. Alisema pale amekaa mwalimu wake, mwanamke wa Kizanzibari aliyemfungulia mlango wa nyumba yake. Watu wakageuka, wakampigia makofi. Mcheza kwao hutuzwa, lakini Mwanamize hakuwa kwao, na tuzo ile ilimtua usoni kama mate. Alibaki amekaa, mkoba umebanwa mapajani, anatazamwa.

"Ulimfundisha?" Peninah aliuliza.

"Sikumfundisha. Alikaa."

Walipokuwa wakitoka Madhu aliwawahi mlangoni, akamkumbatia Mwanamize kabla hajawahi kumnyooshea mkono. Akasema Jumamosi mchana ndiyo siku ya mwisho, na Zainab na Suhail watakuja, amewawekea viti vya mbele kabisa. Hawajui kitu. Anataka iwe zawadi yake ya harusi.

Usiku ule Mwanamize hakulala vizuri, na si ajabu. Suhail anaujua mkono ule. Mume gani hajui mkewe anavyojificha? Atakaa pale, ubavuni pa mkewe, na watu wasiowajua pembeni na nyuma, na atamwona mwari wa ngoma anavuliwa, na atajua ni nani. Na Zainab atajua kwamba siku aliyoambiwa hakuna anayetazama, palikuwa na anayetazama. Hilo ndilo lililomchoma Mwanamize hata akakaa kitandani akakunja ngumi. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha aliyekwenda kuitangaza sokoni alikaribishwa na yeye.

Asubuhi aliomba ruhusa kazini, kwenye sehemu ya kufulia ya hospitali anakofua mashuka ya mji huu mwaka nenda mwaka rudi, akaenda Digbeth. Madhu alikuwa peke yake ukumbini, anafagia jukwaa. Alifurahi kumwona, akataka kumtilia chai. Walisemezana kwa Kiingereza, na Kiingereza cha Mwanamize ni cha kazini, kifupi, hakina mapambo.

"Uondoe ule mkono," alisema.

Madhu aliweka ufagio chini. Hakujifanya haelewi, na hilo Mwanamize alimhesabia. Alisema anaelewa kwamba ni jambo nyeti, ndiyo maana hakuchukua wimbo hata mmoja, wala ngoma, wala jina, wala kanga. Alichukua miondoko tu. Kuoga, kukamua, kuinama. Nani mwenyewe wa kuoga? Hata Zainab alimwambia kwamba mle ndani si dansi, ni namna tu wanavyofundishwa kujisafisha. "Basi kama si dansi, shangazi, nimeiba dansi gani? Na hilo ndilo swali la kazi yangu. Mtu akiwa uchi anaoga, ni lini kuoga kunageuka kuwa maonyesho?"

"Unaniuliza mie?"

"Namuuliza kila mtu."

"Mie nitakujibu. Ni pale ulipokaa."

Madhu alisema wachezaji wake wako radhi wote, hakuna aliyelazimishwa kuvua, wamezungumza miezi. Kwake yeye mwili uchi hauna aibu. Amekulia katika nyumba ambayo mama zake na shangazi zake walioga wamevaa shumizi, wakafa hawajawahi kujiona, na hataki mwanamke yeyote aishi hivyo. Alisema hivyo kwa uchungu, na Mwanamize aliona kuwa hasemi uongo.

"Wa kwako wako radhi," alisema. "Wangu je? Alikuwa anaoga. Hakuwa anakuonyesha wewe anavyooga."

"Atafahamu. Ni rafiki yangu."

"Basi kuoga kote kubaki, ufanye upendavyo. Uondoe mkono tu. Mkono ule una mwenyewe."

Hapo Madhu alitikisa kichwa, na kwa mara ya mwanzo sauti yake ikawa ya mtu mwenye mali yake. Akasema hawezi. Onyesho zima linaishia pale. Watu hulia pale. Ukiuondoa mkono ule, wanabaki wanawake uchi wanaoga, basi.

"Kumbe unajua," alisema Mwanamize.

Mwanamize alifunga vifungo vya koti lake. Hasira ilikuwa imemfikia hadi kwenye meno, lakini alilelewa kutopiga kelele katika nyumba ya mtu, hata nyumba yenyewe ikiwa karakana. "Kwetu tunasema mwosha huoshwa," alimwambia kwa Kiswahili, hakumtafsiria, akatoka.

Kutoka pale alipanda tramu mpaka Edgbaston, ambako Zainab na Suhail wamepanga fleti nzuri yenye miti dirishani. Alikuwa amejisomea maneno njia nzima. Alipofunguliwa mlango maneno yote yakamkimbia, akasema moja kwa moja alichokiona. Zainab alikuwa amesimama na birika mkononi. Kadiri alivyosikiliza ndivyo mkono mwengine ulivyopanda, taratibu, ukakaa ubavuni. Mwanamize alilazimika kutazama kwengine.

"Nilikuuliza," Zainab alisema kwa Kiingereza. "Siku ile ile. Nilikuuliza mbona Madhu hachezi."

"Uliniuliza."

"Ukasema mgeni."

"Nilisema. Goti lake lilikuwa..."

"Nilivua kwa sababu ulisema hakuna anayetazama." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Wote waliokuwamo mle ndani niliwaamini kwa ajili yako wewe, Somo. Nilikuwa na haya hata kwa daktari. Halafu umemwekea mtu kiti. Na mto."

Mwanamize alikuwa na majibu. Adabu ya mgeni, goti, na zaidi ya yote, kwamba mgeni mwenyewe aliletwa na Zainab. Lilimfika ncha ya ulimi hilo la mwisho, akalimeza, kwa sababu kuleta mgeni ni kazi ya mwari na kulinda mlango ni kazi ya somo. Akasema tu, "Usende kesho, mwanangu. Baki nyumbani. Wapite na upuuzi wao."

"Nisiende?" Zainab aliweka birika chini kwa nguvu, maji yakaruka. "Ni mimi niliye jukwaani. Watu wote wa Digbeth wanione, mimi tu nisijione? Suhail nitamwambia abaki, nitamweleza sababu. Mimi ninakwenda." Akafungua mlango, akausimamia wazi. Hakusema kwaheri. Mtoto aliyemfunga nywele kwa mikono yake, akamtoa mlangoni kama mtu wa kuuza bima.

Jumamosi mchana Peninah alikuja naye tena, ingawa hakuna aliyemlazimisha. Ndani ya basi Mwanamize alimweleza yote, na Peninah akasikiliza mpaka mwisho, ndipo aliposonya.

"Mimi nikiogesha mzee, mlango huwa nimefunga," alisema. "Hata kama ni bosi anataka kuingia na wageni wake waone vile tunafanya kazi poa, namwambia ngoja. Mzee akiwa uchi na mimi, si kitu, ni kazi yetu sisi wawili. Wale wakisimama hapo mlangoni, yule mzee anaanza kulia. Na hakuna kitu nimebadilisha, naosha tu vile nilikuwa naosha."

"Ungemwambia Madhu hayo."

"Aje Shard End nimpe glovu."

Ukumbi ulijaa. Zainab alikuwa safu ya mbele, peke yake, kiti cha Suhail ubavuni mwake hakina mtu, amekiwekea koti lake mwenyewe. Hakugeuka nyuma. Onyesho likaenda kama lilivyokwenda siku ile, kata, mabega, visigino, na kile kiuno. Mwanamize hakutazama jukwaa. Alitazama kisogo cha Zainab, mtandio wa buluu uliofungwa vizuri, na ulipofika wakati wa shuka kuanguka aliona mikono yake yote miwili imeshika mikono ya kiti, imekaza. Haikuondoka hapo. Jukwaani viganja vitano vilikuwa ubavuni, ukumbini watu walikuwa wakilia, na mwenye kovu alikuwa amekaa wima kama mtu aliyefungwa.

Baada ya makofi walitangaza kwamba kutakuwa na mazungumzo. Wakaleta kiti kimoja cha mbao wakakiweka katikati ya jukwaa, Madhu akakaa, miguu ameikunja, kipaza sauti mkononi. Safari hii hakumtaja mwalimu yeyote wa Kizanzibari. Mwanamize alimwona akimtafuta kwa macho, akampata, akayahamisha.

Mzee mmoja mwenye skafu aliomba kuuliza. Akasema ameguswa sana na ule mkono unaofunika ubavu. Alitaka kujua ulitoka wapi, kwa sababu ulikuwa wa kweli mno, haukufanana na kitu cha kubuni.

Madhu alitazama chini kidogo. "Ulitujia wenyewe," alisema. "Mazoezini. Siku moja mchezaji mmoja aliufanya tu, na sote tukajua kuwa ndio huo."

Kisogo chenye mtandio wa buluu kilitikisika. Kilichotokea baada ya hapo Mwanamize hakukipanga. Hata leo ukimuuliza atakwambia aliona miguu yake inashuka ngazi. Peninah alimshika koti, akamwachia. Alipita safu baada ya safu, mwanamke mfupi mwenye mkoba na koti la mvua, akapanda jukwaani kwa vile vidaraja vya pembeni, akaenda mpaka katikati, akasimama mbele ya Madhu. Mlinzi alianza kusogea. Madhu akamwashiria asubiri, akatabasamu lile tabasamu la watu wenye hadhira.

"Siku ile nilikupa kiti," alisema Mwanamize kwa Kiingereza chake cha kazini, na hakuhitaji kipaza sauti, kwani ukumbi ulikuwa kimya. "Nimekuja kukichukua. Simama."

"Shangazi, tunaweza kuzungumza baada ya..."

"Simama."

Madhu alisimama. Labda ni adabu. Mtu akikwambia simama mbele ya watu, unasimama. Mwanamize akakishika kile kiti kwa mgongo wake, akakiburuta mpaka pembeni ya jukwaa, miguu yake ikilia kwenye mbao. Kisha akageuka, akakunja mikono.

"Haya," alisema. "Sasa sisi tukutazame."

Na wakamtazama. Ukumbi mzima, wenye bia na wenye machozi, wachezaji waliokwisha kuvaa majoho yao na kukaa sakafuni, mzee wa skafu, wote. Mwangaza ulikuwa juu yake peke yake. Madhu alicheka kidogo. Akahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu, akarekebisha shati lake lililokuwa halina kasoro. Kipaza sauti kilimtelemka mpaka pajani. Alikuwa amevaa kila kitu, shati na suruali na viatu, na hakujua mikono yake aiweke wapi. Mwanamize alingoja. Somo anajua kungoja. Hatimaye mkono wa kulia wa Madhu ukapanda wenyewe, hakuuita, ukakaa ubavuni juu ya shati, vidole vimetanuka.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Walidhani ni sehemu ya onyesho. Mzee wa skafu alisimama wima akipiga makofi juu ya kichwa, na wengine wakasimama, mtu akapiga mbinja. Madhu aliutazama mkono wake, akaubandua pale kama aliyeshika pasi ya moto, na makofi yakazidi. Uso wake ulikuwa umekauka. Alimtazama Mwanamize kana kwamba yeye ndiye awezaye kuwaambia waache. Mwanamize hakuona raha aliyoitarajia. Aliona hasira tu, kubwa kuliko ile aliyopanda nayo, kwamba watu hawa ukiwapa kidonda watapiga makofi, ukiwapa hasira yako watapiga makofi, na hakuna kitu duniani ambacho hawawezi kukikalia na kukitazama. Akakinyanyua kile kiti, akashuka nacho, akatoka nje kwa mlango wa pembeni.

Kijua cha Birmingham kilikuwa kimetoka, kile kisicho na joto. Alipofika kituo cha basi ndipo alipogundua kwamba bado amekibeba. Akakiweka chini, kwenye njia ya miguu. Wapita njia walimkwepa mwanamke na kiti chake.

Zainab alikuja nyuma yake. Macho yake yalikuwa mekundu, mtandio uko palepale. Alisimama upande wa pili wa kiti.

"Kaa, mwanangu," Mwanamize alisema. "Umechoka."

Zainab alikitazama kiti. "Sikai, Somo," alisema, na alisema kwa Kiswahili. Kilikuwa kizito mdomoni mwake, kila neno akilitafuta kabla ya kulitoa. "Na wewe usikae."

Mwanamize hakukaa. Kule nyuma mlinzi alikuwa anakuja kukifuata kiti cha watu, mwendo wa mtu asiyetaka ugomvi, na Peninah amemshika mkono anamweleza jambo.

"Mwezi ujao unamcheza mtoto wa Bi Ruzuna," Zainab alisema.

"Inshallah. Kama bado watanitaka."

"Nitakuja. Sitakuja kusamehe, usidhani." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Mlango nitausimamia mimi. Atakayeingia na asiyeingia, nitasema mimi. Hata ukiniletea mgeni wako, hata akiwa amevunjika miguu yote miwili."

Tangu apewe ngoma na somo wake, Mwanamize hajawahi kumwachia mtu mlango wake. Alihisi neno likimpanda, neno la mkubwa kwa mdogo, na bado alikuwa na hasira ya kutosha kulitoa. Mlinzi akafika, akaomba radhi, akakichukua kiti, akaondoka nacho. Baina yao hapakubaki kitu.

"Haya," alisema Mwanamize. "Mlango wako."